KIDONDA KIMEPONA, AMANA HAIJAISHA



Ndugu yangu katika imani, leo tuambiane ukweli, na ukinichukia kwa ajili yake, nichukie.

Mtoto amezaliwa hana tundu la haja kubwa. Au njia yake ya chakula imekatika kifuani, maziwa hayafiki tumboni. Papo hapo mawifi wanaanza: "Ukoo wa mama yake una mkosi." Muogopeni Allah! Kasoro hizi hutokea viungo vinapoumbika, katika wiki za mwanzo za mimba. Hiyo ya kukosa tundu humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Mama hana kosa, na Allah hambebeshi mtu dhambi ya mwingine.

Alhamdulillah, upasuaji upo. Mara nyingi mtoto hutolewa choo kwa tundu la tumboni kwanza, baadaye hutengenezewa njia yake, mwisho lile la tumboni hufungwa. Familia inachinja mbuzi, kadi ya kliniki inatupwa kabatini. "Amepona!" Hapo ndipo ninapogombana na wewe.

Wenzake walipokuwa wakinyonya na kubebwa mgongoni, yeye alikuwa wodini, mpira puani, kachomwa dawa ya usingizi mara kadhaa, hashibi. Na miaka 2 ya mwanzo ndiyo ubongo unayojengeka kwa kasi kubwa. Madaktari waliowafuatilia watoto hawa wameona baadhi yao huchelewa, hasa kukaa, kutambaa na kutembea. Wengi huwafikia wenzao. Lakini anayechelewa anataka aonekane mapema, si akifika umri wa kwenda chuoni.

Sasa mtoto ana miezi 10 hakai, wewe unasema ana jini. Nauli ya kliniki imenunua kuku wa mganga! Mwingine anasema, "Ni qadar, tusubiri." Subhanallah! Mtume (s.a.w.) alimtaka mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Na ametuamrisha tujitibu. Wewe subira yako umeipata wapi isiyofunga ngamia?

Msomee Qur'an, naam. Kisha mpime uzito kliniki. Mwambie daktari waziwazi: huyu alifanyiwa upasuaji wa utumbo, na mpaka leo hakai. Omba mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mchezeshe, ongea naye, hata kama hajajibu.

Na wewe baba uliyemwachia mama foleni, nepi na machozi, kisha ukaanza kutafuta mke mwingine "atakayezaa wazima": umeiacha amana njiani.

Siku ya Kiyama hutaulizwa kwa nini mtoto alizaliwa hivyo. Aliyemuumba anajua. Utaulizwa wewe ulimfanyia nini.

Mfikishie ujumbe huu mzazi mmoja anayeficha mtoto ndani. Allah awape afya watoto wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.