Tomati za unga mweupe: wanaokula ni watoto

Kila mara mvua za mwezi wa tisa zinapoanza, tomati zinafika kwenye masoko ya Goma zikiwa na unga mweupe juu ya ngozi. Muuzaji anazipangusa kwa kitambaa, mama ananunua, watoto wanakula. Familia iliyokimbia vita, yenye bidoni moja ya maji kwa siku, itaziosha na nini?

Unga huo mara nyingi ni mankozebu, dawa ya kuzuia kuvu. Mwezi wa 12 mwaka 2020, Umoja wa Ulaya ulikataa kurefusha ruhusa yake kwa sababu inaweza kudhuru uzazi na kuvuruga homoni. Sokoni inapimwa kwa vifuko visivyo na maandishi. Mukulima atajuaje angoje siku ngapi kati ya kupuliza na kuvuna?

Wakulima wanajitetea: bila dawa, mildiu inamaliza shamba kwa siku chache. Ni kweli, na deni la mbegu halingoji. Lakini mankozebu haiponyeshi jani lililokwisha kuungua. Inalinda tu jani lililo zima. Kupuliza leo na kuvuna kesho hakuokoi kitu. Ni kuhamisha hasara kutoka shambani na kuiweka tumboni mwa mtoto.

Mildiu inapenda baridi na majani yenye kulowa. Basi kazi ya kwanza ni kuacha majani yakauke. Mche na mche, sentimita 60. Kila mche ufungwe kwenye mti, majani yanayogusa udongo yakatwe, nyasi kavu zitandazwe chini. Maji yamwagwe asubuhi kwenye shina, si juu ya majani. Tomati zisipandwe karibu na birayi, kwani ugonjwa ni uleule. Mche ulioungua ung'olewe na kuchomwa siku hiyohiyo. Mwenye kupanda kwenye gunia aliweke chini ya paa, mahali mvua haifiki lakini jua linafika.

Kazi hii inaomba mikono kuliko dola. Wanaogawia wakimbizi mbegu bila kuwafundisha hayo wamefanya nusu ya kazi. Wauza dawa waache maandishi kwenye kifuko, na agronomo washuke shambani kabla ya mvua. Na kila mama sokoni, kabla ya kutoa pesa, aulize: «Hizi zilipulizwa siku gani?» Muuzaji akikosa jibu, abaki na tomati zake.