Juri au Jaji?

Wako wasomaji huku kwetu Njoro wanaodhani kwamba juri, yaani raia wa kawaida wanaoapishwa ili waamue kama mshitakiwa ana hatia, ni jambo la Uingereza na Marekani tu. Sivyo. Zamani za ukoloni Kenya ilikuwa na juri, lakini ilikuwa haki ya Mzungu. Mwafrika aliposhitakiwa kwa kuua, alihukumiwa na jaji pamoja na wazee wa baraza, ambao jaji aliwasikiliza bila kulazimika kuwafuata.

Matunda yake yalionekana karibu nasi. Mwaka 1923, upande wa Molo, mkulima Mzungu, Jasper Abraham, alimpiga mtumishi wake Kitosh kwa sababu alimpanda farasi aliyeambiwa amwongoze tu. Kitosh akafungwa kamba ghalani, na usiku ule akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru mbele ya juri ya Wazungu. Madaktari wakaleta hoja ya ajabu, eti marehemu alikufa kwa kuwa alitaka kufa! Juri haikuona mauaji, iliona kujeruhi tu, na Abraham akafungwa miaka 2.

Wanaosifu juri husema kwamba watu wengi hawahongeki upesi kama mtu mmoja, nao huyajua maisha ya wenzao. Ni kweli. Lakini wale wa Nakuru waliyajua maisha ya nani? Ya mshitakiwa.

Wazee wa baraza nao walidumu hata baada ya uhuru, mpaka sheria ilipowaondoa mwaka 2007. Katika kesi iliyoanza kabla ya hapo, ya Thomas Cholmondeley, kitukuu cha yule Lord Delamere aliyejaribu ngano hapa Njoro, wazee walisema hana hatia kwa kifo cha Robert Njoya. Mwaka 2009 Jaji Muga Apondi alilikataa shauri lao, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa kifungo cha miezi 8 juu ya miaka 3 aliyokwisha kukaa rumande. Watu wengi walinung'unika kwamba adhabu ni ndogo, na mimi siwalaumu.

Hata hivyo namchagua jaji. Labda ni mazoea ya ukarani, kuamini karatasi. Hukumu ya jaji sharti iandikwe pamoja na sababu zake, hata mkulima aliyeshindwa aweze kuisoma, aione penye kasoro, na kuipeleka Mahakama ya Rufani. Juri hutamka uamuzi wake, kisha kila mtu huenda zake nyumbani.