Ziwa letu, gati la nani?

Makamanda, leo naomba tuache kidogo habari za majimbo na viti tuongee kuhusu gati. Ndiyo, gati. Mahali pa kufunga boti. Najua kuna atakayesema huyu dada amekosa cha kuandika, wenzake wanadai Katiba Mpya, yeye anatuletea boti za kutembelea. Tulia. Tutafika huko huko kwenye Katiba.

Tuanze na Musoma yenyewe. Mji wetu umeingia ziwani kama kidole. Panda Mukendo uangalie chini, maji yako karibu kila upande. Karibu nusu ya Ziwa Victoria iko Tanzania, na Mara tumepewa kipande kizuri: Ghuba ya Mara upande huu, Ghuba ya Speke upande wa Bunda, na visiwa kama Rukuba katikati. Sasa hebu jiulize: kijana wa Nyasho au Bweri akitaka Jumapili kumpandisha mama yake boti, saa moja tu, wapunge upepo warudi, anaendea wapi?

Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye hoteli yenye ufukwe wake na kulipa bei ya hotelini. Ya pili ni kwenda mwaloni, akanyage matope na magamba ya samaki, aombe lifti kwenye mtumbwi uliotoka kubeba dagaa. Hapo katikati hakuna kitu. Gati la umma, lenye ngazi, taa, bei iliyobandikwa ukutani na jaketi okozi za kutosha, kwa ajili ya mtu wa kawaida anayetaka kufurahia ziwa lake, mimi sijaliona.

Kuna mtu ataniambia hiyo ni starehe ya matajiri, zahanati hazina dawa. Namwelewa. Lakini aangalie vizuri: gati linalokosekana kwa mtu wa matembezi ndilo linalokosekana kwa mjamzito anayetoka kisiwani kwenda hospitali, kwa mwalimu anayerudi kituoni, na kwa mwanafunzi anayefunga shule. Wote wanapandia palepale. Mwaka jana nilisafiri na binamu yangu kwenye mwalo mmoja wa upande wa Bunda, sitautaja. Boti haikuweza kufika ufukweni, kwa hiyo kila abiria alibebwa mgongoni na vijana hadi kwenye maji ya kiunoni, kwa malipo. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yetu alibebwa kama gunia huku ameshikilia kanga yake isipeperuke. Hakuna aliyeshangaa. Wale vijana wanatafuta riziki, sina ugomvi nao. Ninachouliza ni hivi: ushuru unaokusanywa pale kila siku unakwenda wapi, kama hata mbao kumi za kukanyagia zimeshindikana?

Na hili si suala la heshima tu. Watu wanakufa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Yaani idadi ya marehemu peke yake ni zaidi ya mara mbili ya abiria walioruhusiwa. Na sisi wa Mara tuna kidonda chetu: mwishoni mwa Julai 2023, mitumbwi iliyobeba waumini waliotoka kanisani ilizama eneo la Mchigondo, kata ya Igundu, wilayani Bunda. Tulizika watu zaidi ya kumi. Kila ajali inapotokea, viongozi wanakuja na rambirambi, wanaagiza jaketi okozi zivaliwe, wanaondoka. Swali la wapi watu wanapandia, nani anawahesabu na nani ana mamlaka ya kusema "hiki chombo kimejaa, hakiondoki" linabaki pale pale ufukweni.

Hapa ndipo mwanafunzi wa sheria anapoanza kuumwa kichwa. Jaribu kutafuta mwenye mwalo. Bandari ziko chini ya TPA kwa Sheria ya Bandari ya 2004. Usalama wa vyombo uko chini ya TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya 2017. Vivuko vya serikali, kama MV Musoma inayovusha watu kati ya Mwigobero na Kinesi, viko TEMESA. Mwalo wa samaki uko kwa halmashauri na idara ya uvuvi, pamoja na BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Ufukwe wenyewe una NEMC na watu wa bonde la maji. Ofisi zote hizo! Kukusanya ushuru, kila mmoja anajua njia ya kufika. Kujenga ngazi, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Ndiyo maana tuna kile ambacho serikali yenyewe inakiita bandari bubu, mahali ambapo watu na mizigo vinapita kila siku lakini kwenye karatasi hapapo. Bandari si bubu jamani. Abiria wanaongea kila siku. Anayetakiwa kusikia ndiye amegeuza kisogo.

Halafu kuna mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Ni kifungu kizuri na mimi nakitetea. Butiama yenyewe inakunywa maji yanayovutwa kutoka Mugango, kwa hiyo ufukwe ukichafuka tunaumia hadi huko juu. Tatizo ni namna kinavyokumbukwa. Mama lishe akisimamisha banda la makuti, mita 60 zinakumbukwa asubuhi hiyo hiyo. Mwenye fedha akijenga ukuta hadi majini, mita 60 zinapata usingizi. Matokeo yake njia za umma za kufika ziwani zinazidi kuwa nyembamba, na anayebaki nje ya ukuta ni mwenye nchi.

Mfikirie na mtu wa Nyatwali, Bunda. Wananchi wa kata ile wamehamishwa ili eneo lao liungane na Hifadhi ya Serengeti hadi ziwani. Sababu ya uhifadhi tumeisikia, wanyama wanahitaji maji. Ila watu wale walikuwa na mitumbwi, na maisha yao yalikuwa ziwani. Siku watalii wakianza kupunga upepo kwenye Ghuba ya Speke, je, kijana aliyezaliwa Nyatwali atakuwa nahodha wa boti ile, au ataisoma habari yake kwenye simu akiwa amepanga chumba Bunda mjini? Hilo halijibiwi na fidia peke yake. Linajibiwa na nani anapewa leseni na nani anapewa gati.

Jirani zetu wameshaanza. Kisumu, pale Dunga, BMU ya wavuvi ndiyo inapeleka wageni ziwani kwa boti, watu wanatembea, wanakula samaki, hela inabaki kijijini. Sisi tuna Butiama, kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, kilomita zisizofika 50 kutoka Musoma. Mgeni anakuja, anapiga picha, anageuza gari kuelekea Serengeti. Angeweza kulala Musoma, asubuhi apelekwe Rukuba na kijana wetu, mchana ale sato kwa mama yetu. Hiyo siku moja ya ziada ndiyo ajira tunayoimbiwa kwenye majukwaa.

Lakini tusidanganyane kwamba boti za matembezi zikianza holela itakuwa heri. Uganda, Novemba 2018, MV Templar ilizama Ziwa Victoria hili hili ikiwa imejaa watu waliotoka kustarehe. Zaidi ya 30 walikufa, na mamlaka za kule zilisema chombo kilizidisha watu na hakikuwa na leseni. Starehe isiyo na gati wala mkaguzi ni msiba unaosubiri Jumapili. Kwa hiyo sidai boti tu. Nadai utaratibu, na utaratibu unaanza pale mguu unapoacha nchi kavu.

Madai yangu ni matatu.

Kwanza, kila halmashauri yenye ufukwe Mara itenge gati la abiria, tofauti na sehemu ya samaki, na kila gati liwe na ofisi moja inayojibu. Moja, si sita. Jina lake liandikwe kwenye ubao pamoja na idadi ya abiria kila chombo kinachoruhusiwa. Na lijengwe kwa kuzingatia ziwa linalopanda na kushuka, maana mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda tukaona fukwe zikimezwa. Gati la kuelea linapanda na maji. Ngazi ya saruji inabaki chini kwa samaki.

Pili, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, itambue kwamba kijana wa ufukweni anaweza kutaka injini, jaketi okozi na mafunzo ya unahodha. Siyo kila kikundi lazima kifuge kuku.

Tatu, mapato na matumizi ya kila mwalo yabandikwe mwaloni, kwa Kiswahili, kila robo mwaka. Anayelipa ushuru asome palepale anapolipia.

Sasa kazi yetu sisi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hatuhitaji wakili wala ruhusa ya mtu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wako: mwalo fulani umeingiza shilingi ngapi mwaka wa fedha uliopita, na zimetumika kufanya nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Ingia, kaa kimya, andika. Tukipata majibu kutoka Musoma Manispaa, Musoma Vijijini na Bunda, tutakuwa na hoja ambayo hakuna mtu wa kijani ataweza kuiita porojo za mitandaoni.

Na nimeahidi tutafika kwenye Katiba. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuihifadhi Katiba. Lakini mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, anayefungua shauri akatakiwa aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Maana yake, kwa lugha ya mwaloni, ilikuwa kwamba ningetaka kwenda mahakamani kwa ajili ya yule bibi aliyebebwa mgongoni, ningeulizwa kwanza: wewe umezama? Kwa hiyo anayesema gati na Katiba Mpya ni mambo mawili, aje Mwigobero tumwonyeshe yanapokutana. Tunadai Katiba ambayo mtu anaweza kuitumia kabla boti haijapinduka.

Barua ya kwanza nimeshaiandika. Nani anaandika ya Bunda?

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, mwenyeji wa Musoma.