Gari la umeme: Hesabu ya betri ianze kabla ya kununua

Wauzaji wa magari yaliyotumika wamepata maneno mapya ya kumvutia mteja: gari la umeme halina sevisi. Halimwagwi oili, halina plagi wala taiming belti ya kukatika njiani. Maneno hayo yana ukweli mwingi, na ndiyo sababu yanamponza mnunuzi.

Mnunuzi anayezungumziwa hapa ni yule anayekopa kwenye SACCOS yake, akaagiza Japan gari dogo la umeme lenye umri wa miaka kumi au zaidi, kisha akaliingiza kwenye biashara ya teksi jijini Dar es Salaam. Mkopo ataulipa kwa miaka mitatu. Swali ambalo si rahisi kuulizwa wakati fomu ya mkopo inajazwa ni kama betri nayo ina miaka mitatu.

Chukua Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japan na Marekani Desemba 2010. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24, na kwa vipimo vya serikali ya Marekani yalikwenda kilometa 117 yakiwa mapya na chaji imejaa. Betri iliyobakiwa na asilimia 65 ya uwezo wake italipeleka gari hilo kilometa 76 hivi. Likitoka Dar es Salaam halifiki Chalinze. Kwa nje gari linang'aa, viti vizima, rangi haijachubuka, na bei ni nafuu. Unafuu huo haukuja bure.

Joto nalo lina hesabu yake. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama zilivyo betri za magari mengine ya umeme. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, walilalamika kuwa betri zao zinachoka haraka kuliko walivyotarajia. Desemba mwaka huo kampuni ilitangaza dhamana ya uwezo wa betri kwa soko la Marekani: miaka mitano au maili 60,000, yaani kama kilometa 96,000, iwapo vistari vya uwezo kwenye dashibodi vingeshuka chini ya tisa kati ya 12. Gari la mwaka 2012 linaloshuka leo bandarini halina dhamana ya namna hiyo ya kutegemea. Na Dar es Salaam, Tanga au Mtwara si mahali pa baridi. Mnunuzi wa Arusha au Mbeya ana nafuu kidogo kwa hali ya hewa, ingawa milima ya huko nayo hula chaji.

Sasa tuweke namba mezani. Ni namba za mfano, kila mtu abadilishe kwa bei za kwake. Teksi inayokwenda kilometa 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inamaliza kilometa 18,000. Gari la petroli linalokula lita nane kwa kilometa 100 litahitaji lita 1,440; kwa Sh3,000 kwa lita ni Sh4,320,000. Gari la umeme litakula uniti 17 hivi kwa kilometa 100, ikiwa ni pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Hizo ni uniti 3,060. Kwa Sh360 kwa uniti ni Sh1,101,600. Ongeza sevisi nne za oili na chujio za Sh120,000 kila moja ambazo mwenye gari la umeme hazilipi. Akiba yote inafika karibu Sh3.7 milioni kwa mwaka, zaidi ya Sh300,000 kwa mwezi.

Ni fedha nyingi, na kwa familia nyingi huingia moja kwa moja kwenye ada za shule na chakula. Hapo ndipo kosa linapofanyika. Tuseme betri nyingine, pamoja na usafiri, ushuru na ufundi, itagharimu Sh15 milioni. Kama iliyomo ndani ya gari itahudumu miaka minne tu, kila mwaka imekula Sh3.75 milioni ya thamani hiyo, na akiba yote imekwisha. Ikihudumu miaka minane, mwenye gari anabaki na zaidi ya Sh1.8 milioni kwa mwaka. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule. Kinachotenganisha faida na hasara ni umri wa betri, kitu ambacho macho hayakioni.

Mkulima wa kahawa hili halimpi shida kulielewa. Mibuni iliyozeeka huzaa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na anayekula mapato yote bila kuotesha miche hujikuta na shamba la kuni. Mwenye trekta anajua pia kwamba akiba ya injini haiwekwi siku injini inapokufa. Gari la petroli humdai mwenyewe kila baada ya miezi mitatu na hivyo humfundisha nidhamu kwa lazima. La umeme hukaa kimya miaka, halafu hudai kwa mkupuo.

Tena si kweli kwamba katikati ya hapo hakuna matengenezo. Bushi, boljointi na shokapu hufa kwenye barabara zetu kama kawaida. Matairi huisha mapema kwa sababu betri ni nzito na mota ina nguvu tangu gari linapoondoka. Mafuta ya breki lazima yabadilishwe. Pedi za breki hudumu sana, kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, lakini diski zisizotumika sana hupata kutu, hasa pwani. Ipo pia ile betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, ambayo ikifa gari zima linagoma kuwaka na mwenyewe akadhani kubwa ndiyo imekufa. Fundi asiye mwaminifu hapo anaweza kula fedha nyingi.

Na mafundi ndio kiini cha jambo hili. Betri ya Leaf ya uniti 24 imeundwa kwa vipande 48, kila kimoja kikiwa na seli nne. Mara nyingine kinachorudisha nyuma betri nzima ni vipande viwili au vitatu vilivyochoka kuliko wenzake. Fundi mwenye vipimo anaweza kuvitoa na kuweka vingine vyenye uwezo unaolingana, kwa sehemu ndogo ya bei ya betri nzima. Lakini ndani ya sanduku hilo kuna takriban volti 360, na si mahali pa kujifunzia kwa bisibisi chini ya mwembe. Mafunzo ya kazi hii yakienea katika vyuo vya VETA, mwenye gari atakuwa na njia ya tatu kati ya kununua betri nzima na kulitelekeza gari.

Huko ilikotoka Leaf njia hiyo ipo. Mwaka 2018 kiwanda cha 4R Energy kilifunguliwa mjini Namie, Japan, kuchambua betri zilizotumika na kuziunda upya, na mwaka huohuo Nissan ilianza kuuza nchini humo betri ya uniti 24 iliyoundwa upya kwa yeni 300,000, chini ya nusu ya bei ya mpya. Bei ya betri za lithiamu duniani nayo imeporomoka, kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa uniti mwaka 2010 hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024, kwa hesabu za BloombergNEF. Kushuka huko kunamsaidia kwanza mtengenezaji wa magari mapya. Mwenye gari la 2012 anahitaji betri inayoingia kwenye gari la 2012, na hiyo ina soko lake dogo.

Kwa hiyo cheti cha ukaguzi wa gari la umeme lililotumika kinapaswa kutaja asilimia ya uwezo wa betri, kama kinavyotaja namba ya chasisi. Kifaa cha kuisoma ni kidogo, huchomekwa chini ya usukani na kuonyesha majibu kwenye simu. SACCOS inayokopesha nayo iidai karatasi hiyo kabla ya kutoa hundi, na marejesho ya mwezi yawe na fungu la betri lisiloguswa.

Lipo pia suala la betri kuukuu. Iliyobakiwa na asilimia 60 haifai teksi, lakini ikiunganishwa na sola inaweza kuwasha taa na vitotoleshi vya mfugaji wa kuku usiku kucha. Hiyo ni mali, na mwenye gari anayebadilisha betri aulize mapema kama ya zamani inabaki kwake au kwa fundi, na kwa bei gani.