Akibakwa akiwa na ulemavu, sheria inamwachia njia gani?

Sheria ya Tanzania inasema mwanaume anayefanya ngono na mwanamke huku akijua kwamba mwanamke huyo ana ulemavu mkubwa wa akili ametenda kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 14.

Lakini mwanamke huyohuyo akipata ujauzito, sheria hiyohiyo haimtaji tena. Akiutoa, anaweza kufungwa hadi miaka saba. Atakayemtoa anaweza kufungwa hadi miaka 14, sawa na yule aliyemharibia maisha.

Kwa familia inayoishi kata kama Samuye, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, hili si suala la mawakili wa Dar es Salaam. Linagusa binti kiziwi anayebaki nyumbani wakati wenzake wapo shule. Linagusa dada mwenye ulemavu wa akili anayeachwa peke yake mchana kutwa, kwa sababu mama yupo shambani na baba kaenda machimboni Geita.

Sheria inasema nini hasa?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina mizizi enzi za ukoloni. Katika toleo la mwaka 2022, vifungu vinavyohusu utoaji mimba ni hivi:

- Kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, hadi miaka 14 jela.
- Kifungu cha 151: mwanamke anayejitoa mimba mwenyewe au anayekubali kutolewa, hadi miaka 7.
- Kifungu cha 152: anayetoa dawa au vifaa huku akijua vitatumika kutoa mimba, hadi miaka 3.

Halafu kuna kifungu cha 230. Hicho ndicho mlango pekee. Kinasema mtu hana kosa akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama, iwapo hali ya mgonjwa inaufanya upasuaji huo uwe wa busara.

Ukisoma kifungu hicho mara mbili hutaona neno "ubakaji". Hutaona neno "ulemavu". Hutaona hata neno "afya". Kilichopo ni "maisha".

Daktari anabaki na mtihani

"Maisha" maana yake nini? Ni kutokufa tu, au ni pamoja na akili na mwili kubaki salama?

Mwaka 1938, jijini London, daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba daktari akiamini kwa dhati kuwa mimba itamwacha binti ameharibika kabisa kimwili au kiakili, anaweza kuhesabiwa kuwa anaokoa maisha yake. Bourne aliachiwa huru.

Mwaka 1959, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliigusa hoja hiyo katika kesi ya daktari mmoja kutoka Kenya, Mehar Singh Bansel. Ndiyo maana wanasheria wengi wanasema kifungu cha 230 kinaweza kusomwa kwa upana, kikagusa hata afya ya akili.

Tatizo ni neno "kinaweza". Upana huo haujaandikwa kwenye kifungu chenyewe. Daktari wa zamu wilayani anayejua kwamba akikosea tafsiri anakabiliwa na miaka 14 hatajaribu bahati yake. Atamwambia ndugu wa mgonjwa, "Hapa hatufanyi hayo," na mazungumzo yataishia hapo.

Kwa mwanamke mwenye elimu, simu na pesa, jibu hilo linaweza kuwa mwanzo wa kutafuta mwingine wa kumuuliza. Kwa binti asiyesikia wala kujua kusoma, anayetegemea shangazi amtafsirie, huo ndio mwisho wa safari.

Tanzania ilishaahidi

Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake. Ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika ubakaji, unyanyasaji wa kingono, maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama, au maisha yake au ya kijusi. Ibara ya 23 inawataja wanawake wenye ulemavu moja kwa moja na kutaka walindwe dhidi ya ukatili, ukiwemo wa kingono.

Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 2007, bila kuikataa ibara ya 14.

Kenya, kwa upande wake, iliridhia huku ikiweka pingamizi kwenye kipengele hichohicho cha utoaji mimba. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26(4), inaruhusu huduma hiyo iwapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa ataona kuna dharura, au maisha au afya ya mama ipo hatarini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikwenda mbele zaidi na kusema mimba ya ubakaji inaweza kuangukia humo.

Yaani aliyeweka pingamizi ana sheria pana kuliko aliyesema ndiyo.

Sababu ni kwamba nchini Tanzania mkataba wa kimataifa haugeuki kuwa sheria ya mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza. Kwa ibara ya 14, hatua hiyo haijafanyika. Wengine wamepiga hatua: Rwanda, katika sheria yake ya mwaka 2018, iliruhusu huduma hiyo kwa ubakaji, maharimu, ndoa ya kulazimishwa, mtoto mwenye mimba, na hatari kwa afya, na ikaondoa sharti la kwenda kwanza mahakamani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliichapisha itifaki kwenye gazeti lake la serikali mwaka huohuo wa 2018.

Kutoka nyumbani hadi Mwawaza

Hebu tuchukue mfano tu, siyo kisa cha mtu fulani. Binti kiziwi wa Samuye amebakwa. Nini kinafuata?

Kwanza, aeleze. Kama hakuwahi kusoma shule yenye kitengo cha viziwi, kama ile ya Buhangija mjini Shinyanga, huenda hajui Lugha ya Alama ya Tanzania. Anatumia ishara za nyumbani ambazo mama na wadogo zake ndio wanaozielewa. Sasa itakuwaje kama aliyembaka yupo humohumo nyumbani?

Pili, polisi. Inatakiwa fomu ya PF3 na maelezo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kuongea atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Kwenye karatasi hilo lipo. Kituoni, ukosefu wa mkalimani unaweza kulifuta kwa dakika tano.

Tatu, hospitali. Hospitali ya wilaya ipo Iselamagazi, ya rufaa ya mkoa ipo Mwawaza. Kote huko ni nauli ya binti na ya anayemsindikiza. Na anayemsindikiza ndiye atakayejibu maswali yote ya daktari.

Nne, familia. Vijijini kesi nyingi za ubakaji hukaliwa kikao na kumalizwa kindugu, ng'ombe au pesa zikapita mkono kwa mkono. Binti haulizwi. Mimba ikija kuonekana, wenye sauti walishapeana mikono.

Hapo katikati, saa zinakimbia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo mitaani inaitwa P2, inafanya kazi vizuri ikimezwa mapema, na mwisho wake ni kama saa 120. Dawa hii haitoi mimba, inazuia isitungwe, kwa hiyo haihusiani kabisa na vifungu vya 150 hadi 152. Aliyefika siku ya kwanza huenda asihitaji kujadili kifungu chochote. Aliyecheleweshwa miezi minne kwa sababu hakuna aliyemwelewa anakutana na sheria yote kwa mpigo.

Mlango ukifungwa, watu wanapita dirishani

Sheria kali haijazuia utoaji mimba. Utafiti wa taasisi ya Guttmacher, NIMR na Chuo Kikuu cha Muhimbili ulikadiria kwamba mwaka 2013 pekee mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, nyingi zikiwa kwa njia za siri na zisizo salama. Wanawake wapatao 66,600 walitibiwa kwa madhara yake. Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoongoza: makadirio yalikuwa kama mimba 51 kwa kila wanawake 1,000 walio katika umri wa kuzaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 36.

Hospitali zinaruhusiwa kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, hata kama iliharibikia kwa mganga au chumbani. Hiyo ni huduma halali, na kila familia inapaswa kuijua. Mwanamke anayevuja damu au mwenye homa kali asifichwe ndani kwa kuogopa polisi.

Nani anasema "ndiyo"?

Hapa ndo suala la ulemavu linatofautiana na mjadala wa kawaida wa utoaji mimba. Kesi mbili za mbali zinaonyesha pande zote za shilingi.

Argentina, mwaka 2006. Msichana mwenye ulemavu wa akili alipata mimba baada ya kubakwa na mjomba wake. Sheria ya nchi hiyo wakati ule ilikuwa inamruhusu waziwazi mwanamke wa hali yake kutoa mimba ya ubakaji. Hata hivyo kesi ilipelekwa mahakamani, ikapanda ngazi hadi mahakama ya juu ya jimbo, na alipokuja kushinda hospitali ikasema muda umepita. Familia ikamalizana na huduma ya siri. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Argentina ilikiuka haki zake.

India, mwaka 2009. Mwanamke mwenye ulemavu mdogo wa akili alibakwa akiwa kwenye makazi ya serikali mjini Chandigarh. Mahakama ya jimbo iliamuru mimba itolewe kwa faida yake. Yeye alikuwa anamtaka mtoto. Mahakama ya Juu ya India ilitengua amri hiyo ikisema ridhaa yake haiwezi kurukwa.

Mmoja alitaka, akanyimwa. Mwingine hakutaka, akakaribia kulazimishwa. Kosa ni lilelile: watu wengine walijiona wana haki ya kujibu kwa niaba yake.

Mwaka 2018 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya wanawake na ya watu wenye ulemavu, zilitoa tamko la pamoja kwamba uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe, akipewa msaada anaouhitaji ili kuelewa na kuamua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba huo, ibara ya 12, unamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine.

Msimamo huu unajibu pia hofu ya watetezi wengi wa watu wenye ulemavu. Wanaogopa, kwa haki kabisa, kwamba ukifungua mlango wa utoaji mimba kwa kigezo cha "ulemavu", ndugu waliochoka watautumia kumsukuma binti asiyetaka. Ndiyo maana sheria nzuri haisemi "mwenye ulemavu atolewe". Inasema aliyebakwa au ambaye afya yake ipo hatarini ana haki ya kuchagua, na mwenye ulemavu asiachwe nje ya haki hiyo.

Wapo pia wanaopinga utoaji mimba wa aina yoyote kwa imani, Wakristo na Waislamu, na ni wengi Shinyanga kama kwingineko. Hoja yao kwamba uhai usiguswe ni nzito. Lakini hata wao hawawezi kutetea hali ambayo binti anabakwa, hafikishwi hospitali ndani ya siku tatu, na hakuna anayemuuliza lolote.

Nini kinaweza kufanyika sasa?

Kubadili Kanuni ya Adhabu ni kazi ya Bunge, na Bunge halina haraka na suala hili. Yapo mengine yasiyohitaji Bunge:

- Wizara ya Afya kuandika mwongozo unaoeleza daktari anapaswa kukisomaje kifungu cha 230, ili asiogope pasipo na sababu.
- Halmashauri kuwa na orodha ya wakalimani wa lugha ya alama wanaopigiwa simu saa yoyote na polisi au zahanati.
- Afisa ustawi wa jamii kuonana na binti faragha, bila ndugu chumbani, kabla ya uamuzi wowote.
- Wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuzijua kaya zenye wasichana wenye ulemavu, na kuwaeleza mama zao kuhusu saa 72.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohalalisha kitu kipya. Yote yanahusu haki ambazo tayari zipo kwenye vitabu. Na kwa binti wa Samuye asiyesikia, tofauti kati ya haki iliyo kwenye kitabu na haki yenyewe inaanzia kwa mtu mmoja tu atakayejua namna ya kumuuliza, "Wewe unataka nini?", kisha akasubiri ajibu mwenyewe.