Utabiri wa Aliyeziona Kura

Kila uchaguzi unapokaribia, wabashiri huzuka kama kumbikumbi baada ya mvua. Mmoja hutuambia kwamba mshindi amekwisha kujulikana, mwingine hutaja asilimia zisizojulikana zilikotoka, na wa tatu humtawaza bwana wake kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa. Sisi tulio katika safu ya mageuzi hatuna budi kuuliza: ni utabiri upi unaomfaa mwananchi, na ni upi unaomwandaa kuibiwa?

Jibu moja linapatikana Ayalandi, nchi isiyo ngeni kwa wasomaji wetu. Wengi wetu tulifunzwa kusoma na masista na mapadre waliotoka huko. Shirika la Mtakatifu Patrick, ambalo mapadre wake walihudumu Turkana na Kitui, lina makao yake Kiltegan, katika kaunti ya Wicklow. Huko, kila eneo bunge huchagua wabunge watatu, wanne au watano kwa pamoja, na kiti cha mwisho huweza kuwatoa watu jasho kwa siku nyingi.

Mpiga kura wa Ayalandi hatii alama moja tu. Huandika 1 mbele ya mgombea anayempenda kuliko wote, 2 mbele ya anayemfuata, kisha 3, hata atakapotosheka. Ili apate kiti, mgombea hutakiwa kufikia kiwango maalumu. Tuseme kura halali ni 60,000 na viti ni vitano. Ongeza moja juu ya idadi ya viti, ugawanye kura kwa sita, upate 10,000. Kisha ongeza kura moja. Kiwango ni 10,001. Mgombea akikipita, ziada yake hugawiwa wengine kwa kufuata chaguo linalofuata katika karatasi. Asipokuwapo wa kukipita, mwenye kura chache kuliko wote huondolewa, na karatasi zake huhamia kwa walioandikwa wa pili. Huendelea hivyo, duru baada ya duru, mpaka viti vijae.

Basi anayetaka kubashiri kiti cha tano asitazame duru ya kwanza peke yake. Aliye wa tano asubuhi aweza kuwa wa sita jioni. Mbashiri makini huuliza: nani ataondolewa sasa, na wafuasi wake wataelekea wapi? Ni karatasi ngapi zitakazokoma njiani kwa sababu mwenyewe aliandika 1 tu? Kwa ajili hiyo, mara nyingi kiti cha mwisho hutwaliwa na mtu ambaye hakufikia kiwango, ila aliwazidi waliosalia. Kwa ajili hiyo pia wagombea wa huko huchunga ndimi zao. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: amtukanaye jirani yake leo atazitafuta kesho kura za pili za wafuasi wa jirani huyo, asizione.

Na tofauti huwa ndogo mno. Katika uchaguzi wa Novemba 1992, eneo la Dublin South-Central lilihesabu na kurudia kuhesabu kwa takriban siku kumi, ndipo Ben Briscoe wa Fianna Fáil akapata kiti cha mwisho kwa kura 5 dhidi ya Eric Byrne wa Democratic Left. Huko Wicklow, mwaka 2002, Mildred Fox alimshinda Nicky Kelly kwa kura 19. Galway West, mwaka 2011, Seán Kyne alimpita Catherine Connolly kwa kura 17. Cork North-Central, mwaka 2024, Eoghan Kenny alimtangulia Mick Barry kwa kura 35. Hakuna mtabiri mwaminifu ambaye angaliapa kwa kiti chochote kati ya hivyo. Hata hivyo hapakuchomwa nyumba, wala mtu hakufukuzwa shambani mwake. Byrne alirudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa mwaka 1994. Connolly aliingia bungeni mwaka 2016, na mwaka 2025 wananchi wakamchagua kuwa Rais wa nchi.

Tusidhani kwamba watu hao wamezaliwa wapole. Walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1922 na 1923, na vyama vyao viwili vikubwa vilitokana na pande mbili za vita hivyo. Utulivu wao unatokana na macho. Masanduku hufunguliwa ukumbini asubuhi ya siku ya pili. Karatasi zikikunjuliwa mezani, nyuma ya kizuizi husimama watu wa kila chama, kalamu mkononi, wakiandika kila namba 1 wanayoiona, sanduku kwa sanduku. Kisha mahasimu hao huunganisha hesabu zao! Saa chache baadaye wanajua kwa karibu sana matokeo ya duru ya kwanza, na kila mtaa umempa nani. Utabiri huo hauna nguvu ya kisheria. Lakini msimamizi akithubutu kutangaza namba iliyo mbali na iliyoonwa, ukumbi mzima utajua.

Mwaka 2002 serikali yao ilijaribu mashine katika maeneo bunge matatu. Nora Owen, aliyekuwa amepata kuwa Waziri wa Sheria, alipoteza kiti chake kwa namba zilizosomwa ghafla, pasipo karatasi zilizokunjuliwa mbele ya watu. Mashine hizo, zilizogharimu zaidi ya yuro milioni 50, ziliachwa mwaka 2009. Wananchi walichagua kusubiri na kuona.

Sisi Wakenya twaijua hasara ya jicho lisilosikilizwa. Mwaka 1988, katika mlolongo, kila mtu aliona ni foleni ipi iliyokuwa ndefu. Lakini kuna mahali ambapo wenye foleni fupi ndio waliotangazwa washindi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambao hesabu zake hazikuaminika, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Kilio cha "fungueni seva" cha mwaka 2017 kilitoka katika kidonda hicho hicho. Hatua zimepigwa, na tuzikiri. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala hayabadilishwi Nairobi. Mwaka 2022 fomu za vituo zilianikwa hadharani, na kila aliyetaka akaweza kujumlisha.

Lililobaki ni letu. Hatudai kwamba mfumo wa Ayalandi uhamishiwe hapa mzima mzima. Twataka desturi moja tu ya watu wake: mahasimu wahesabu pamoja. Kila parokia na kila usharika uandae waangalizi wake mapema, wajue kusoma fomu na kuitunza nakala. Mawakala wa vyama mbalimbali wakubaliane, kabla ya siku yenyewe, kulinganisha namba zao kituo kwa kituo. Namba za vituo kumi vya kwanza zisigeuzwe wimbo wa ushindi, kwani aongozaye kwao hajaongoza kote. Na asimame mbele ya waumini mtumishi wa Mungu aliye tayari kusema "bado" wakati umati unataka jina. Waumini wamefundishwa tangu utotoni kuipenda mizani ya haki. Mizani hiyo hushikwa na mikono ya wengi.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na waliotuambia hivyo wamekuwa aghalabu ni wale waliotunyima kuona. Twaikubali methali hiyo kwa sharti moja: aliyeshindwa aonyeshwe jinsi alivyoshindwa, karatasi kwa karatasi. Aliyeonyeshwa kura 5 zilizomshinda atakwenda nyumbani kwa uchungu, lakini atakwenda. Na uchaguzi mwingine ukifika, atakuja tena kuomba kura.