Maneno ya Safu Moja



Kijana mmoja ajifunzaye Kiingereza alituletea barua yake ya kuomba kazi ya ualimu, ili tuitazame kabla hajaipeleka posta. Aliandika hivi: «I like to read, to write and teaching children.» Hakuna herufi iliyokosewa, lakini sentensi yachechemea. Kwa nini?

Tusikilize kwanza lugha yetu. Mtu akisema: «Napenda kusoma, kuandika na nafundisha watoto», sikio hukataa mara moja. Lataka «kusoma, kuandika na kufundisha». Hata methali hujengwa hivyo: «Penye wengi pana mengi.»

Kiingereza nacho kina sheria hiyo: mambo yaliyounganishwa kwa «and» au «or» yapewe umbo moja. Sisi tuliosoma Kifaransa twakosea kwa urahisi, maana baada ya «aimer» kitenzi hufuata kwa umbo moja tu: «aimer lire». Lakini «like» ina milango miwili: «to read» au «reading». Chagueni mlango mmoja, kisha wote wapite humo: «to read, to write and to teach», au «reading, writing and teaching». Vitenzi vingine vina mlango mmoja tu: «want» hutaka «to», na «enjoy» hutaka «-ing».

Usawa huu haupendezi sikio tu, bali husaidia kukumbuka. Tarehe 19 Novemba 1863, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alihutubia watu huko Gettysburg, penye makaburi ya askari waliokufa vitani. Hotuba yake haikufika maneno 300. Mwishoni alitaja serikali «of the people, by the people, for the people», yaani ya watu, iliyowekwa na watu, kwa faida ya watu. Neno dogo labadilika mara tatu, watu wabaki pale pale. Wanafunzi hulikumbuka hata leo.

Turudi kwa kijana wetu. Kosa lake liliangukia neno «teaching», yaani kazi ile ile aliyoiomba. Asomaye barua haoni uso wa mwombaji. Aona sentensi zake tu. Kijana akabadili neno hilo moja, akafunga bahasha.

Sasa ninyi nanyi sahihisheni hii: «She wants to cook, sewing and to sell bread.»